Kabla ya kulipia miche, chana kiriba kimoja

Najua wengi wenu muda huu mashimo mmeshachimba, mnasubiri mvua za Novemba, na hela ya miche ya parachichi ipo kwenye simu. Ndiyo maana naandika leo na siyo mwezi ujao. Kabla hujamtumia mwenye kitalu hata shilingi moja, nataka uombe mche mmoja, uchane kiriba, uangalie mizizi. Akikataa, rudi nyumbani na hela yako.

Wapo wenye vitalu ambao tangu nianze kusema hivi hawanisalimii vizuri. Sawa. Lakini nieleze nilivyofika hapa, maana kosa lilianzia kwangu mwenyewe.

Kuna kijana mmoja wa huku kwetu Njombe alikopa SACCOS akapanda Hass ekari 2, miche 160, nafasi ya mita 7 kwa 7. Nilikwenda naye kitaluni. Miche ilikuwa mirefu, imenenepa, majani yanang'aa. Mwenye kitalu akatuambia imekaa muda kwa sababu mteja wa kwanza alishindwa kulipia, kwa hiyo sisi tumebahatika kupata miche mikubwa kwa bei ileile ya 5,000. Nikamgeukia kijana nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa umeokota." Neno hilo nalikumbuka vizuri, na yeye hajalisahau.

Mwaka wa kwanza shamba lilipendeza. Mwaka wa pili pia, nilileta hadi wageni kuja kujifunza. Kiangazi cha tatu mambo yakaanza kubadilika. Majani yakawa madogo, yamepauka. Miti ikatoa maua mengi kupita kiasi, halafu karibu yote yakadondoka. Akanipigia, "Bwana shamba, hii miti inanichezea." Nikamwambia apige busta yenye zinki na boroni. Akapiga. Baada ya hapo nikamwambia aongeze CAN mvua ikianza. Akaongeza. Mara ya tatu nikahisi ni ukungu, nikamwandikia dawa ya kopa. Kila nilichomwambia alinunua, na kila mara nilikuwa naangalia majani tu. Hata siku moja sikushika sepetu.

Jibu lililetwa na upepo. Siku moja akanitumia picha ya mti umelala chini, na si upepo wa kutisha. Nilipofika nikauinua kwa mkono mmoja. Pale chini palikuwa na bonge la mizizi limejizungusha kama kamba ya kisimani, duara kamili, upana wa kiriba kilekile ulichotoka nacho kitaluni. Miaka mitatu ardhini, kiriba kilishatupwa siku ya kupanda, lakini mti ulikuwa bado umevaa umbo lake. Tukachimba miti mingine mitano iliyokuwa imepauka. Minne ilikuwa hivyohivyo. Kijana hakusema kitu. Alikaa kwenye kingo ya shimo akawa anafuta udongo kwenye mikono.

Sasa hapa ndipo watu wengi huniuliza: lakini si mizizi ikiingia kwenye udongo mzuri inajinyoosha? Nilikuwa nadhani hivyo na mimi, na nimesomea haya mambo. Haijinyooshi. Ukitaka kujua kwa nini, fanya jaribio hili wiki hii, halina gharama.

Chukua punje ya harage, ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka itoe mzizi wa kama sentimita 2. Chukua peni, weka vialama kwenye mzizi kuanzia nchani kwenda juu, kila baada ya milimita mbili. Rudisha kwenye unyevu. Kesho yake angalia. Vialama vya karibu na ncha vitakuwa vimeachana, vile vya juu vipo palepale ulipoviweka. Ni jaribio la zamani; mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Julius von Sachs, alilifanya karne ya 19 kwa wino na mizizi ya jamii ya maharage, na mpaka leo linatoa jibu lilelile.

Maana yake nini? Mzizi haurefuki wote kwa pamoja kama mpira unaovutwa. Unarefuka kwenye kipande kifupi tu nyuma ya ncha, milimita chache. Pale mbele kabisa kuna kitu kama kofia kinachokinga ncha na kutoa utelezi ili ipenye kwenye udongo. Nyuma yake seli zinagawanyika, nyuma kidogo zinajaa maji na kurefuka, na kule kurefuka ndiko kunakoisukuma ncha mbele. Halafu nyuma zaidi vinaota vinyweleo vinavyonyonya maji na chakula. (Parachichi kwa bahati mbaya ina vinyweleo vichache sana ukilinganisha na mimea mingine, ndiyo maana inateseka upesi mizizi ikiguswa.) Kipande kikishapita hatua ya kurefuka, kimemaliza safari. Kinaweza kutoa matawi ya pembeni, kinaweza kunenepa, lakini hakihami. Pale kilipo ndipo kitakapokaa mpaka mti ufe.

Kwa hiyo mzizi uliozunguka ndani ya kiriba, ukauweka kwenye shamba zuri kiasi gani, duara lile linabaki duara. Ncha mpya zitatoka na kwenda nje, ni kweli, na hizo ndizo zilizoubeba mti ule wa kijana miaka miwili ya mwanzo. Mti ulikuwa mdogo, mahitaji madogo. Lakini duara linanenepa kila mwaka, na shina nalo linanenepa. Inafika mahali mizizi inabanana yenyewe kwa yenyewe na kulikaba shina, maji hayapandi vizuri na chakula kutoka kwenye majani hakishuki vizuri. Hapo ndipo mti unapauka na kutoa maua ya kukata tamaa, wewe unakimbilia duka la pembejeo. Hakuna busta inayonyoosha mzizi, jamani.

Na ndiyo maana nasema mche mkubwa kwa bei ya mche mdogo siyo bahati. Mche uliokaa kitaluni kupita muda wake umekuwa ukizunguka humo ndani mwezi baada ya mwezi. Kitu kingine tusichokiangalia ni kwamba kosa linaweza kuanza hata kabla ya kubebesha. Mbegu ya parachichi ina upande bapa na upande uliochongoka. Mzizi unatoka upande bapa. Kibarua aliyechoka akiiweka mbegu kichwa chini miguu juu, mzizi unatokea juu, unajipinda kutafuta chini, na shina nalo linajipinda kutafuta juu. Mche utaota, utabebeshwa Hass safi kabisa, na nje utaona majani mazuri. Ile kona ya mwanzo haitoki tena.

Sasa ukifika kitaluni angalia hivi. Kwanza angalia chini ya kiriba. Kama kuna mzizi mnene umetoboa na kuingia ardhini, jua mzizi mkuu utakatika wakati wa kuinua, na mche huo umekaa sana. Halafu chagua mwenyewe mmoja, usichaguliwe, uulipie, uchane. Nasema uulipie kwa sababu mwenye kitalu naye ana haki yake; nimeona vijana wanachana viriba vya watu halafu wanaondoka wakicheka. 5,000 ya kuona ndani ni nafuu kuliko 800,000 ya kubahatisha, na hapo sijahesabu palizi ya miaka mitatu. Unachotaka kuona ni udongo ulioshikamana kiasi, mizizi inashuka na kutawanyika, ncha zake ni nyeupe au rangi ya krimu. Ukiona mizizi minene imezunguka ukutani kama chemchem ya godoro, kataa kundi zima. Ukiona ya kahawia iliyooza, ukiivuta ganda linavuka linabaki uzi, hapo kataa na usirudi hata kwa miche mingine, maana ugonjwa wa kuoza mizizi unasafiri na udongo wa kiriba. Unaletwa na kimelea kinachoitwa Phytophthora, na kikishaingia shambani kwako hutakitoa.

Je, kama umeshanunua? Chana viriba kabla ya kupanda, usiuweke mche na kiriba chake hata kama mtu amekwambia kitaoza. Plastiki haiozi. Kama duara liko chini kabisa tu, kata kipande hicho cha chini kwa kisu kikali, safi. Mzizi ukikatwa, matawi mapya huchipuka karibu na pale ulipokatwa, na hayo yatakwenda yanakotaka. Lakini usivuruge bonge lote kama mtu anayechambua mchicha, parachichi haisamehi. Kama duara limeshakuwa la mizizi minene ya mti na liko juu karibu na shina, mimi ningeutupa. Najua inauma.

Nihamie kwenye shimo, maana hapa nabishana na watu wa idara yangu mwenyewe. Tumewafundisha wakulima wachimbe sentimita 60 kwa 60 kwa 60, wachanganye udongo wa juu na samadi debe moja au mawili, wajaze. Kwenye udongo unaopitisha maji, sina tatizo. Lakini mashamba mengi ninayozunguka yana mfinyanzi mwekundu chini. Ukichimba kwa sururu wakati udongo una unyevu, kuta za shimo zinapakwa zinakuwa laini kama chungu. Ndani umeweka udongo mlaini mtamu, nje kuna ukuta. Ncha ya mzizi ikifika pale inafanya ilichofanya kwenye kiriba: inageuka na kuzunguka. Na mvua zikija, chungu kinajaa maji.

Hapa lazima tuelewane. Mzizi unapumua. Unahitaji hewa kama wewe, kwa sababu ile kazi ya kugawanya seli na kuvuta chakula inatumia nguvu, na nguvu inataka oksijeni. Kwenye udongo uliojaa maji oksijeni inakwisha upesi. Ncha zinaanza kufa, na Phytophthora inapenda mazingira hayohayo, vijidudu vyake vinaogelea kwenye maji kufuata mizizi. Mkulima anaona majani yamenyauka, anadhani kiu, anaongeza ndoo nyingine.

Fanya hivi: kabla ya kujaza shimo, limwagie maji yajae, uyaache yanywee, ulijaze tena halafu uende zako. Ukirudi kesho ukakuta maji bado yamesimama, hapo mahali parachichi hapafai kama palivyo. Kama eneo ni dogo, panda juu ya tuta pana lililoinuliwa, hata nusu mita. Kama ni shamba zima, panda kitu kingine, usiniite baadaye. Na kuta za shimo zikwaruze kwa jembe ziwe mbaya mbaya, usiziache laini. Samadi nyingi zaidi iweke juu kama matandazo, siyo yote chini shimoni. Mkuu mmoja aliniuliza hadharani kama nawafundisha wakulima uvivu. Nilimwomba twende tukachimbe miti yake. Mpaka leo hajanipa tarehe.

Kuna msemo mwingine nausikia kila kikao: "Mzizi unatafuta maji." Vijana wengi wa kumwagilia mnautegemea huo. Mnaweka kikombe cha maji shinani kila jioni mkiamini mizizi mingine itashuka yenyewe ikatafute chini. Mzizi hauna darubini. Unaweza kujipinda kidogo kuelekea upande wenye unyevu ulio jirani nao, basi. Hauvuki nusu mita ya udongo mkavu kwenda kutafuta maji usiyoyajua. Unakua pale penye unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Ukilowesha sentimita 10 za juu kila siku, mizizi itakaa kwenye sentimita 10 za juu, na siku pampu ikiharibika siku nne utaona miti inakulilia. Mwaga kwa wingi, unyevu ushuke, halafu subiri udongo wa juu uanze kukauka ndipo urudie. Kwa mche mchanga subiri siku chache tu; kadiri mti unavyokua ndivyo unavyorefusha subira na kupanua eneo unalolowesha. Chomeka kijiti au chimba kidogo pembeni ujue maji yamefika wapi. Usihesabu ndoo, angalia udongo.

Na usije ukaelewa vibaya ukadhani nataka parachichi liwe na mizizi ya kwenda kuzimu. Watu wanachora mti una mizizi mikubwa chini kama matawi yaliyogeuzwa. Miti mingi haipo hivyo, na parachichi ndiyo kabisa. Sehemu kubwa ya mizizi yake inayokula ipo kwenye nusu mita ya juu, na ile myembamba zaidi ipo karibu kabisa na uso, chini ya majani yaliyooza. Inatawanyika kwenda pembeni hadi nje ya kivuli cha matawi. Kwa hiyo mbolea unayoirundika shinani umeipeleka mahali ambapo kuna mizizi minene ya kushikilia, siyo ya kula. Itawanye kuanzia katikati ya kivuli kwenda nje, pale matone ya mvua yanapodondokea.

Jembe nalo. Ukikatia jembe chini ya mti kila palizi, kila pigo unakata zile ncha tulizozungumza, na mti unaanza upya kuzitengeneza kwa chakula ambacho kingekwenda kwenye tunda. Ng'oa magugu kwa mkono chini ya kivuli, weka matandazo mazito, ila usiyaegemeze kwenye shina. Nimewaona wanaolima viazi mviringo katikati ya mistari ya parachichi, mwaka wa kwanza na wa pili sawa, kipato kizuri. Mwaka wa nne bado wanapiga matuta hadi shinani. Hao siwaelewi.

Jambo la mwisho la kuangalia ukichimba ni ncha zenyewe. Kama ni fupi, nene, butu, hazina matawi, na udongo wako ni mwekundu wa huku nyanda za juu kwenye mvua nyingi, pima pH kabla ya kununua mfuko wowote. Udongo wenye tindikali kali unaachia alumini, na alumini inaua ncha ya mzizi kwanza kabla haijagusa jani. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na ichanganywe na udongo kabla ya kupanda, kwa sababu ukiimwaga juu inashuka polepole mno. DAP haiwezi kufanya kazi hiyo. Fosforasi yenyewe haitembei sana kwenye udongo, ni mzizi ndio unaoifuata. Mzizi usio na ncha hauifuati.

Turudi kwa yule kijana, maana mmeshaanza kuniuliza aliishiaje. Kati ya miti 160, tuliing'oa 57. Mimi nilimwambia ang'oe mingine 40 ambayo bado ina majani lakini imeshapauka, apande upya mwaka huu na udongo ukiwa umeandaliwa. Amekataa. Anasema inampa kilo chache, na mkopo hausubiri mti ukue. Nimemwambia kila msimu anaoilinda miti hiyo anaongeza mwaka mmoja kwenye safari. Akanijibu, "Kaka, wewe ndiye uliyesema nimeokota." Sikuwa na la kujibu. Nilimwahidi kwamba miche ya kujazia nitaikagua mwenyewe, na ile tutakayoichana nitalipia mimi.

Jumamosi iliyopita tulizunguka vitalu vitatu. Cha kwanza tulikataliwa kuchana. Cha pili tulichana miwili, yote imezunguka. Cha tatu ni cha mama mmoja, ana miche mifupi, haijafika hata goti, ukiangalia kwa macho unaipita. Tulichana mmoja mizizi ikawa inashuka vizuri, ncha nyeupe. Kijana akaguna, akasema ni midogo sana. Tukachana wa pili. Akachukua 57, na kwa ile 40 amesema tutaongea mvua zikianza.